Safu ya Magari na Waliorithi Kuta Zake: Kusoma Upya Motor Row ya Chicago

1.0 Utangulizi

Insha hii inahusu kipande kifupi cha Barabara ya Michigan, kusini mwa kitovu cha jiji la Chicago nchini Marekani, kinachojulikana kama Motor Row, yaani safu ya magari. Kwa takriban miongo mitatu kuanzia mwaka 1905, hapa ndipo wakazi wa jiji hilo walipokuja kutazama magari, kuyajaribu, kuyanunua na kuyatengeneza. Kufikia miaka ya 1920, aina zipatazo 116 za magari zilikuwa zikiuzwa katika safu hiyo. Mnamo Desemba 2000 jiji lilitangaza eneo hilo kuwa urithi unaolindwa kisheria, na mwaka 2002 likaingizwa katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria.

Kumbukumbu rasmi za jiji zinaipa safu hiyo mipaka ya wakati: 1905 hadi 1936. Miaka hiyo inaeleza vyema ni lini majengo yalijengwa na yalijengwa kwa ajili ya nani. Hata hivyo, haielezi ni kwa nini mengi kati yake yangali yamesimama, ilhali kampuni nyingi zilizoyajenga zilikufa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba safu hii ina historia mbili zilizokaa ndani ya kuta zilezile. Ya kwanza ni ya wauzaji wa magari. Ya pili ni ya waliofuata, hususani wachapishaji wa santuri na gazeti la Wamarekani Weusi. Sera ya urithi imeitambua ya kwanza kama historia ya mahali, na ya pili imeipeleka kwingine. Mjadala unafuata njia ya mtu anayeitembelea safu hiyo kwa miguu, kwa kuwa umbali mfupi uliopo baina ya jengo na jengo ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

2.0 Kabla ya Magari

Mgeni anayeshuka katika kituo cha treni cha Cermak–McCormick Place, kilichofunguliwa Februari 2015, hutembea hatua chache kuelekea mashariki, akavuka Barabara ya Wabash, na mara anajikuta kwenye njia panda ya Cermak na Michigan. Barabara ya Cermak zamani iliitwa Mtaa wa 22. Jina lake la sasa linamkumbuka Meya Anton Cermak, aliyepigwa risasi mwaka 1933. Waongoza watalii hupenda kusimama kwenye njia panda hii kwa sababu ya Hoteli ya Lexington, ambamo Al Capone aliendeshea shughuli zake kuanzia mwaka 1928 hadi alipokamatwa mwaka 1931. Hoteli hiyo ilibomolewa mwaka 1995. Hadithi ya Capone inauzika kirahisi, lakini haina uzito mkubwa katika historia ya eneo hili. Kilichotangulia hapa kina uzito zaidi.

Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, sehemu hii ya kusini ilikuwa makazi ya matajiri wakubwa wa jiji. Hatua chache mashariki mwa Michigan iko Barabara ya Prairie, ambako waliishi mfanyabiashara Marshall Field, mchinjaji na msindikaji wa nyama Philip Armour, na George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala ya reli. Michigan yenyewe ilikuwa barabara pana, yenye lami nzuri na nyumba kubwa pande zote mbili, ambayo wenye magari ya farasi ya kifahari waliipita ili waonekane. Mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri hao walikuwa wakifariki au wakihamia kaskazini, huku viwanda, reli na madanguro ya eneo lililoitwa Levee vikiwakaribia. Nyumba ya Pullman ilibomolewa mwaka 1922. Nyumba ya Glessner, iliyobuniwa na H. H. Richardson na kukamilika mwaka 1887, ni miongoni mwa chache zilizosalia.

Kwa hiyo wauzaji wa magari hawakujenga katika uwanja mtupu. Walinunua sifa ya mahali kabla haijachuja. Mteja waliyemhitaji alikwishazoea kupita pale, na barabara yenyewe ilifaa kwa kujaribia gari. Kulikuwa na sababu nyingine iliyo wazi zaidi: Ukumbi wa Coliseum, katika Barabara ya Wabash jirani kabisa, ndio ulioandaa maonyesho ya kwanza ya magari ya Chicago mwezi Machi 1901. Aliyeona gari katika maonyesho hakupaswa kutembea mbali ili alinunue.

Inafaa kukumbusha jinsi bidhaa hii ilivyokuwa ya kubahatisha. Novemba 1895 gazeti moja la Chicago liliandaa mashindano ya magari kutoka jijini hadi Evanston na kurudi, safari ya maili zipatazo 54, siku ambayo theluji ilikuwa imejaa barabarani. Magari sita yaliondoka. Mawili tu yalimaliza. Gari la Duryea lililoshinda lilikwenda kwa wastani usiofika hata maili 8 kwa saa. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1905, Ford alikuwa na jengo lake katika nambari 1444 ya Barabara ya Michigan, na mwaka 1909 kampuni ya Locomobile ikajenga katika nambari 2000. Safu ilikuwa ikiteremka kusini, kampuni baada ya kampuni, hadi ikajikita kati ya Mtaa wa 22 na Mtaa wa 25.

3.0 Usanifu wa Kumpa Mteja Imani

Akivuka Cermak na kuelekea kusini, mtembezi anaona upande wa magharibi majengo mawili jirani yaliyobuniwa na Alfred Alschuler mwaka 1922: moja la kampuni ya Hudson, jingine la Marmon. Nyuso zake zimevikwa terakota, yaani udongo uliofinyangwa, ukachomwa na kupakwa rangi ya kung'aa. Jengo la Marmon lina mapambo ya mtindo wa Kihispania yanayopanda kutoka mlangoni hadi juu ya paa kana kwamba ni kanisa la mji tajiri. Wasanifu wengine waliofanya kazi katika safu hii ni pamoja na Holabird na Roche, ambao walijulikana kwa maghorofa ya ofisi ya katikati ya jiji, na Albert Kahn, mbunifu wa viwanda vya magari vya Detroit.

Mpangilio wa ndani ulifanana kutoka jengo hadi jengo. Ghorofa ya chini, nyuma ya vioo vikubwa, palikuwa ukumbi wa maonyesho wenye dari ndefu, sakafu ya marumaru au vigae, na nafasi kubwa kuzunguka kila gari. Juu, kwenye ghorofa ya pili hadi ya nne, palikuwa na stoo za vipuri, karakana za mafundi na mahali pa kuhifadhi magari ya wateja, ambayo yalipandishwa kwa lifti za mizigo. Mbele palikuwa pa kutazamwa na nyuma pakawa pa kazi. Ukuta wa mbele ulivishwa terakota, na ule wa upande wa kichochoro ukaachwa matofali matupu. Mtembezi anayeingia kichochoroni atauona mpaka huo kwa macho yake, na pengine ataelewa biashara ya magari vizuri zaidi hapo kuliko mbele ya madirisha.

Gharama yote hiyo ilikuwa na sababu. Mnunuzi wa gari katika mwaka wa 1910 alikuwa akikabidhi fedha nyingi kwa kampuni ambayo huenda isingekuwapo baada ya miaka mitano. Benki ilimhakikishia mteja usalama wa fedha zake kwa nguzo za mawe. Muuzaji wa magari naye aliazima lugha hiyohiyo. Jengo liliahidi kudumu, jambo ambalo kampuni yenyewe haikuweza kuliahidi. Matokeo yanajulikana. Marmon, ambayo gari lake lilishinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis mwaka 1911, iliacha kutengeneza magari mwaka 1933. Locomobile ilikoma mwaka 1929. Hudson ilistahimili hadi ilipoungana na Nash mwaka 1954, na jina lake likafutwa mwaka 1957. Ahadi ilitimizwa na kuta peke yake.

4.0 Gari na Mpaka wa Rangi

Masimulizi ya kawaida kuhusu Motor Row huishia kwenye usanifu na mitindo ya magari. Ramani ya jiji inadai zaidi. Kusini tu mwa safu hii, kandokando ya Barabara ya State, ndipo palipokuwa na ukanda ambao Wamarekani Weusi walibanwa kuishi ndani yake. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na wakazi Weusi 44,103. Mwaka 1920 walikuwa 109,458, na mwaka 1930 wakafikia 233,903. Ongezeko hilo lilitokana na Uhamaji Mkuu kutoka majimbo ya kusini. Kwa maneno mengine, miaka ambayo safu ya magari ilistawi ndiyo hasa miaka ambayo jirani yake wa kusini aliongezeka zaidi ya mara tano, huku mipaka ya makazi yake ikilindwa kwa mikataba ya nyumba, vitisho na mabomu.

Gari lilishiriki katika ulinzi wa mipaka hiyo. Tarehe 27 Julai 1919 kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alifariki ziwani karibu na Mtaa wa 29 baada ya kutupiwa mawe. Pahali hapo ni chini ya maili moja kutoka katikati ya Motor Row. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Weupe 15, na kujeruhi zaidi ya 500. Tume iliyoundwa na gavana wa Illinois ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 1922 namna Weupe wenye silaha walivyopanda magari na kuingia kwa kasi katika mitaa ya Weusi huku wakifyatua risasi. Mwaka huohuo wa 1922 Alschuler alikuwa akimaliza majengo ya Marmon na Hudson. Haisemwi kwamba magari hayo ya ghasia yalinunuliwa Motor Row. Swali hilo halina umuhimu mkubwa. Linalosemwa ni kwamba bidhaa iliyouzwa kama uhuru wa kwenda kokote ilikuwa, kwa wakazi walioishi hatua chache kutoka madirishani, pia chombo kilichokuja usiku.

5.0 Waliorithi Kuta

Kuporomoka kwa uchumi baada ya 1929 kuliua sehemu kubwa ya kampuni ndogo. Baada ya vita, wauzaji waliobaki walifuata wateja wao nje ya jiji, ambako ardhi ya kuegeshea mamia ya magari ilikuwa rahisi. Barabara kuu mpya zikakamilisha kazi hiyo. Gari lililoijenga Motor Row ndilo lililoihamisha biashara yake.

Majengo matupu yenye kodi ndogo, ghorofa pana na sakafu za zege lenye nondo zilizokusudiwa kubeba magari yanaweza kubeba karibu kitu chochote. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wapangaji wapya walikuja, na kuta zikapona. Katika miaka ya 1950 na 1960 Barabara ya Michigan, kati ya Mtaa wa 12 na Mtaa wa 24 hivi, iligeuka kuwa makao ya biashara ya santuri, hata watu wa muziki wakaiita safu ya rekodi. Kampuni ya Vee-Jay, iliyoanzishwa na Vivian Carter na James Bracken, Wamarekani Weusi wawili, ilikuwa katika nambari 1449, mkabala na jengo la zamani la Ford. Vee-Jay ndiyo kampuni iliyotoa albamu ya kwanza ya Beatles nchini Marekani, Januari 1964.

Nambari 2120, hatua chache kaskazini mwa Cermak, ni jengo jembamba la ghorofa mbili la mwaka 1911. Ndugu Leonard na Phil Chess, wahamiaji Wayahudi kutoka Poland, waliweka humo ofisi za kampuni yao na studio ghorofani kuanzia mwaka 1957 hadi katikati ya muongo uliofuata. Muddy Waters, aliyefika Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943, alirekodi humo. Vivyo hivyo Howlin' Wolf, Bo Diddley, Etta James na Chuck Berry. Mwezi Juni 1964 Rolling Stones walikuja kutoka Uingereza kurekodi katika chumba hicho, wakatoa kipande cha ala kilichobeba anwani ya jengo kama jina lake.

Kuna jambo hapa ambalo watafiti wa usanifu hawajalitilia maanani ya kutosha. Sehemu isiyo ndogo ya muziki wa Chess ilihusu magari. "Rocket 88", iliyorekodiwa Memphis na kutolewa na Chess mwaka 1951, inasifu gari la Oldsmobile. "No Particular Place to Go" ya Chuck Berry, ya mwaka 1964, ni kichekesho cha kijana na msichana walio garini, wakishindwa kufungua mkanda wa kiti. Wanamuziki ambao wazazi wao walifungiwa nje ya vitongoji vya watu wenye magari walikuwa wakitengeneza, katika safu iliyoachwa na wauzaji, lugha ambayo vijana wa dunia nzima wangeitumia kuzungumzia gari. Kama Motor Row ni mahali pa kukumbuka jinsi gari lilivyoingia katika maisha ya Wamarekani, nambari 2120 haiwezi kuwekwa kando kama hadithi nyingine.

Ushahidi mzito zaidi uko nambari 2400. Jengo hilo lenye mnara, lililobuniwa na Philip Maher, lilijengwa mwaka 1936 kwa ajili ya Klabu ya Magari ya Illinois, nalo ndilo linalofunga miaka rasmi ya safu. Kufikia mwaka 1960 lilikuwa makao ya *Chicago Defender*. Gazeti hilo lilianzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905, mwaka uleule Ford alipojenga nambari 1444, na ndilo lililowahimiza Weusi wa kusini wahamie Chicago. Nakala zake zilisafirishwa hadi Mississippi na Georgia na wahudumu Weusi wa mabehewa ya Pullman, mara nyingi kwa siri, kwa kuwa katika miji kadhaa kukutwa nalo kulikuwa hatari. Hivyo mabehewa ya tajiri wa Barabara ya Prairie yalibeba gazeti lililowaleta watu waliouongeza mji Mweusi, na gazeti lenyewe, likiwa chini ya John H. Sengstacke, mpwa wa Abbott, likaja kukaa mitaa michache kutoka mahali nyumba ya tajiri huyo iliposimama. Lilikuwa limekuwa gazeti la kila siku tangu mwaka 1956. Lilikaa katika jengo la klabu kwa zaidi ya miaka 40, hadi katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 21, muda unaozidi kwa mbali ule wa wenye magari. Vyumba vilivyojengwa kwa starehe ya madereva vilitumiwa na waandishi wakati wa vuguvugu la haki za kiraia, kifo cha Martin Luther King mwaka 1968, na uchaguzi wa Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, mwaka 1983.

6.0 Urithi Uliogawanywa

Jiji halikuisahau historia hii ya pili. Lingekuwa kosa, na pia uvivu wa kiutafiti, kudai hivyo. Jengo la Chess lilitangazwa kuwa urithi mwaka 1990, miaka kumi kabla ya Motor Row yenyewe, na tangu miaka ya 1990 linasimamiwa na taasisi iliyoasisiwa na mwanamuziki Willie Dixon na kuendelezwa na mjane wake, Marie. *Defender* nalo lilitambuliwa mwaka 1998, lakini katika jengo jingine: nambari 3435 ya Barabara ya Indiana, ndani ya Bronzeville, ambako lilichapishwa tangu 1920. Jengo hilo pia lilirithiwa. Lilijengwa mwaka 1899 kama sinagogi.

Tatizo linajitokeza pale maamuzi hayo matatu yanaposomwa pamoja. Muziki umepewa nambari 2120. Gazeti la Weusi limepewa Bronzeville, yaani mtaa wa Weusi. Magari yamepewa Motor Row, pamoja na nambari 2400 ndani yake. Kila kumbukumbu imerudishwa kwa "wenyewe", na mipaka ambayo watu waliivuka kwa shida katika maisha yao imechorwa upya katika sajili ya urithi. Mwaka 1936 unapotumiwa kufunga historia ya jengo la nambari 2400, miongo minne ya uandishi inakuwa kipindi cha baadaye tu, kana kwamba mpangaji hakuacha alama. Swali la kisheria la nani alijenga limechukua nafasi ya swali la kihistoria la nani alilitumia jengo na kulidumisha.

Watetezi wa utaratibu huo wanaweza kujibu kwamba sheria ya urithi hulinda nyuso za majengo, na nyuso hizo ni za 1905 hadi 1936. Jibu hilo lina nguvu. Bila mipaka ya wakati hakuna sajili inayoweza kuamua ni dirisha lipi litengenezwe na lipi liachwe. Lakini maelezo anayopewa mgeni, majina ya maeneo na mipango ya uwekezaji havifungwi na terakota, na huko ndiko chaguo la 1936 linakoonekana kwa uwazi zaidi. Tangu miaka ya 2000 eneo hili limepangwa kuwa mahali pa burudani kwa wageni wa kituo cha mikutano cha McCormick Place, ambacho jengo lake la magharibi lilifunguliwa mwaka 2007. Uwanja wa Wintrust, wenye michezo na matamasha, ulifunguliwa hatua chache tu kutoka njia panda ya Cermak mwaka 2017. Jengo la Marmon sasa ni ukumbi wa harusi na karamu.

Nambari 2400 nayo imetengenezwa vizuri, mnara wake umesafishwa, na hukodishwa kwa sherehe. *Defender* lilichapa nakala yake ya mwisho ya karatasi Julai 2019 na kubaki mtandaoni. Ukumbi ulio katika jengo lake la zamani unaitwa Revel Motor Row.